Je, mto una ufukwe? Na kipupwe ni cha mwezi gani?

SWALI: Kwetu ni Pangani, ila kwa sasa ninaishi Bonn, Ujerumani. Kila ikifika baridi hupenda kutembea kando ya Mto Rhine, njia ile ile niliyoizoea. Desemba nilimwandikia mama: "Jana nilifanya matembezi ya kimya kwenye ufukwe wa Mto Rhine wakati wa kipupwe." Dada yangu, ambaye ndiye aliyemsomea mama ujumbe, anasema mto hauna ufukwe na kipupwe si cha Desemba. Lakini "ufukwe wa mto" nimeshalikuta limeandikwa. Nani yuko sawa? Na je, niandike Rhine au Raini?

JIBU: Dada yako yuko sawa katika yote mawili. Nianze na kipupwe, maana hapo ndipo penye kosa kubwa zaidi.

Kipupwe si baridi yoyote tu. Ni kipindi maalumu katika mwaka wa pwani yetu, kuanzia Juni hadi Agosti hivi, mvua za masika zikiwa zimekatika na upepo wa kusi umeshika. Usiku watu hujifunika, na wavuvi wa vyombo vidogo hutazama bahari mara mbili kabla ya kutoka. Majina yetu ya majira yamefungamana na pepo na mvua: kaskazi, masika, kusi, kipupwe, demani, vuli. Kila moja lina miezi yake. Kwa hiyo mama akisomewa "kipupwe" anasikia Julai. Desemba Pangani kaskazi inaanza na joto linapanda, sasa kipupwe kimetoka wapi?

Kuna jambo jingine, na kwangu ndilo zito. Kipupwe cha kwetu huja mvua zikiwa zimepungua. Baridi ya Bonn huja na mvua, na theluji ya milimani ikiyeyuka, Rhine hujaa. Mafuriko makubwa ya huko yametokea baridi hasa: Desemba 1993, kisha Januari 1995. Yale ya 1993 yaliharibu vibaya jengo lililokuwa likijengwa karibu na mto kwa ajili ya ofisi za wabunge, na jengo hilo ndilo Deutsche Welle ilihamia mwaka 2003 kutoka Köln. Matangazo ya Kiswahili ya redio hiyo, yaliyoanza mwaka 1963, leo yanatoka humo. Ukiyaita majira hayo kipupwe, umemnyima mama yako picha ya mto uliojaa na kumpa mwezi ambao si wake.

Kwa haki, suala hili liliwasumbua hata wafasiri wa Biblia. Katika Mwanzo 8:22 ya Kiswahili cha Union tunasoma "wakati wa kaskazi na kusi" pale ambapo lugha nyingine husema kiangazi na baridi. Naiheshimu tafsiri hiyo: waliwafikiria wasomaji wanaojua kwamba kaskazi huleta joto na kusi huleta ubaridi. Lakini katika Mathayo 24:20, mahali watu wanapoambiwa waombe wasije wakakimbia wakati mgumu, waliandika tu "wakati wa baridi". Kwa anayeandika kutoka Ulaya leo, nashauri njia hii ya pili: majira ya baridi, au msimu wa baridi. Yote mawili ni sahihi. Angalia upatanisho tu: majira haya, msimu huu.

Sasa ufukwe, au ufuko, maana yote mawili yanatumika. Ni ile sehemu ya mchanga kando ya bahari, na kwa ziwa kubwa pia halina tatizo: ufukwe wa Ziwa Victoria husemwa na hueleweka, ingawa wavuvi wa huko wakitaja mahali pa kushushia samaki husema mwalo. Mto una ukingo. Wingi wake ni kingo, na hapa wengi huteleza wakaandika "kingo ya mto" wakikusudia upande mmoja. Sema ukingo huu, kingo hizi. Mto ukifurika tunasema umevunja kingo zake, wala hujasikia mtu akisema umevunja fukwe zake. Neno hilo ni ndugu wa kukinga: ukingo huzuia, ama maji yasitoke, ama mtu asitumbukie.

Wewe wa Pangani una bahati katika hili, kwa sababu vyote viwili viko mlangoni kwenu. Mto unapoingia baharini pana ukingo, na ukikata kona kidogo pana ufukwe. Mtoto wa hapo akitumwa ukingoni haendi ufukweni. Ndiyo maana sikio la dada yako lilikataa mara moja, na namwamini kuliko maandishi uliyoyakuta. Najua Rhine ikipungua huacha vipande vya mchanga na changarawe ambapo watoto hucheza. Hapo nami nisingemkatalia mtu aliyesema ufukwe, mradi anataja kipande hicho na si njia nzima yenye mawe na vibao vya kilomita.

Lipo neno ambalo ningependa ulichukue: kuambaa. Kuambaa ni kupita sambamba na kitu, karibu nacho, bila kukigusa. Mabaharia husema chombo kimeambaa na pwani. Mtu naye huambaa na ukingo, huambaa na ukuta. Ukiandika "niliambaa na mto", umeshasema mwendo, ukaribu na uelekeo kwa tendo moja, na hilo "nilifanya matembezi" halihitajiki tena. Kiswahili hupenda kitenzi kibebe mzigo. Aliyetembea alitembea, hakufanya matembezi.

"Matembezi ya kimya" nayo ina kasoro. Kimya ni cha mtu au cha mahali, na wewe bila shaka ulikusudia mahali. Basi kimya hicho paachie mahali: ukingoni palikuwa kimya, au palikuwa pametulia. Usiseme kimyakimya, maana mama anaweza kudhani ulikuwa unajificha. Na shwari ningeiachia bahari na hali ya hewa.

Ukivuka daraja kwenda Beuel, sehemu ya Bonn iliyo upande wa pili wa Rhine, umekwenda ng'ambo, kama vile mtu wa Pangani anavyovuka mto kwenda Bweni. Ng'ambo hufuata aliposimama msemaji: kwa mkazi wa Beuel, katikati ya Bonn ndiko ng'ambo. Ila kwa mama, wewe uko ng'ambo tayari, kwa maana ya nchi za nje. Kwa hiyo andika "ng'ambo ya mto", asije akafikiri umehamia nchi nyingine.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Jana niliambaa na ukingo wa Mto Rhine. Baridi imeshika, palikuwa kimya, na maji yamepanda."

Kuhusu jina, andika Rhine, kwa kuwa ndivyo limezoeleka katika maandishi ya Kiswahili. Raini haina kosa la matamshi, ila msomaji asiyelitarajia atasimama kulitafakari. Na neno Mto liandikwe kwa herufi kubwa linapokuwa sehemu ya jina, kama Mto Pangani.