Mama na neno "pauper"

Wiki iliyopita mliuliza: neno la Kiingereza "pauper" kwa Kiswahili ni maskini, fukara au hohehahe? Mimi najibu lililonikaa moyoni: nani ana haki ya kumwita mwenzake hivyo?

Asili yake ni Kilatini, na huelezwa kuwa ni mwenye kuzalisha kidogo. "Poor" limetoka huko huko likipitia Kifaransa. Uingereza, sheria ya 1697 iliwalazimu wanaosaidiwa na parokia kuvaa herufi P begani, mkono wa kulia, kila mtu aione.

Kwetu Kenya neno limo katika Kanuni za Utaratibu wa Madai za 2010, Agizo la 33: asiyemudu ada ya korti huomba kushtaki kama "pauper", akiorodhesha mali yake yote na thamani yake. 

Mama alikuwa akidai shamba la marehemu baba yake. Orodha niliiandika mimi, nikiwa kidato cha pili, kwa mwanga wa koroboi. Kitanda. Sufuria tatu. Kuku sita. Tulipofika kwenye cherehani ya kukanyaga tukabishana. Yeye alisema elfu nne, mimi elfu mbili, maana nilishaelewa kuwa kadiri tulivyopungukiwa ndivyo tungesikizwa. Ikaandikwa elfu nne. Kortini hakimu aliuliza kwa Kiingereza, na mkalimani akapaza sauti, chumba kimejaa watu: "Wewe ni maskini hohehahe?" Mama akashika ncha ya leso yake. "Mimi ni fundi wa nguo. Hiyo ada ndiyo sina." Mkalimani akamgeukia hakimu, akajibu kwa Kiingereza neno moja: ndiyo. Ombi likakubaliwa.

Nilianza barua hii nikitaka neno hilo lifutwe. India, ambako kanuni hii ilitoka, walilifuta mwaka 1976 wakaweka "indigent", yaani mhitaji. Lakini ni kwa neno hilo hilo Mama alisikizwa, na shamba tunalilima mpaka leo.

Basi mimi ningeandika "asiyemudu ada", ingawa najua wanasheria wataliona refu. Kama ni lazima nichague kati ya yale yenu matatu, wekeni maskini. Hilo hata Mama hulitamka, akimwonea mtu huruma.