Dozi ya tezi ikipandishwa, wiki mbili ni mapema mno kuihukumu

Dada uliyeuliza kuhusu dozi kubadilishwa, pole sana. Kwa ulivyoeleza, unatumia levothairoksini, dawa ya upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, daktari amekutoa kwenye mikrogramu 50 akakuweka 75, wiki ya pili inaisha, uchovu uko palepale, nywele zinabaki kwenye chanuo, na jirani yako anayetumia dawa hiyohiyo anakwambia upande mwenyewe hadi 100 kwa sababu yeye ndiyo iliyomkaa. Moyo unakudunda ukipanda ngazi. Na Ramadhani ikifika hujui utameza saa ngapi.

Mimi natumia levothairoksini tangu nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, na sasa hivi yuko sekondari. Dozi yangu imepandishwa na kushushwa kiasi kwamba nimezoea. Mimi si daktari, haya ni niliyopitia na niliyoelezwa kliniki.

Hiyo 100 ya jirani achana nayo. Dozi inaangalia uzito wako, umri, moyo wako, na kama tezi yako bado inajikongoja au haitoi kitu kabisa. Mtu mzima ambaye tezi haitoi kitu huhitaji kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo mwenye kilo 60 anaangukia karibu na 100. Ambaye tezi bado inatoa kidogo anahitaji pungufu. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanzishwa na 25, wakati mwingine hata chini ya hapo, akapandishwa polepole. Huenda jirani yako alifanyiwa upasuaji wa rovu, tezi yote ikatolewa. Wewe na yeye mnachoshirikiana ni jina la dawa tu.

Sasa hizo wiki mbili. Dawa hii inaingia taratibu na kutoka taratibu. Kidonge ulichomeza leo, wiki ijayo siku kama ya leo karibu nusu yake bado imo mwilini. Dozi mpya inajijenga juu ya ile ya zamani, na hupita wiki tano hadi sita kabla kiwango cha kwenye damu hakijatulia. TSH, homoni inayopimwa kwenye damu, nayo ni nzito kubadilika. Homoni hiyo inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuisukuma tezi ya shingo ifanye kazi. Tezi ya shingo ikilegea, TSH inapanda, ndiyo maana namba kubwa maana yake una upungufu. Hata dawa ikishatosha, TSH hukawia kushuka. Kwa hiyo kipimo hufanywa wiki sita hadi nane baada ya dozi kubadilishwa. Ukikimbilia maabara sasa hivi utalipa hela yako upewe namba ambayo bado iko njiani.

Na dalili haziondoki zote siku moja. Kwangu baridi ndiyo ilitangulia kuondoka. Mwezi wa kwanza huu wa Dar, watu kwenye daladala wanajipepea na magazeti, mimi nilikuwa nimevaa sweta na vidole vya baridi. Dozi ilipokaa sawa nikaanza kulalamika joto kama wenzangu, nikajua mambo yanaenda. Choo kikalainika, halafu ule usingizi wa mchana ukapungua. Nywele zilikuja mwisho kabisa, baada ya miezi. Uzito usiutegemee sana, wanaotangaza kwamba hii ni dawa ya kupunguza mwili wanadanganya watu, na kuizidisha kwa sababu hiyo ni kuuchezea moyo.

Hizi wiki zako zilizobaki, kazi kubwa ni kutulia na utaratibu mmoja, ili siku ya kipimo namba izungumzie dozi na si kitu kingine. Meza ukiamka, tumbo tupu, kwa maji matupu. Chai ya maziwa, chapati, uji, kahawa, vyote visubiri nusu saa hadi saa nzima. Najua asubuhi za huku: mtu anatoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, anaipata wapi hiyo saa nzima? Mimi kidonge kiko pembeni ya kitanda na kikombe cha maji. Nameza kabla sijawasha taa, naoga, naandaa watoto, na chai nainywa nikifika kazini. Wengine humeza usiku, inaruhusiwa, ila ziwe zimepita saa tatu au zaidi tangu ule, na kwa nyumba inayokula saa nne usiku hilo ni gumu.

Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu na dawa za kiungulia, vipishane na dawa ya tezi kwa saa nne. Vinakishika kidonge tumboni kisiingie. Wajawazito hili linawahusu zaidi, maana kliniki wanapewa vidonge vya damu, na wakati huohuo mahitaji yao ya dawa ya tezi hupanda, mara nyingi kwa robo au theluthi. Ukiona hedhi imechelewa usisubiri tarehe ya kliniki, nenda kamwambie daktari.

Jambo ambalo hujauliza ila nywele zako zimenikumbusha. Wifi yangu wa Tandika alikuwa anapukutika nywele kama wewe, akanunua vidonge vya kuotesha nywele na kucha. Majibu yalipotoka, TSH chini kabisa na homoni ya tezi juu, kana kwamba anazidisha dawa. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka, anasinzia, hajapungua hata kilo. Ilibaki kidogo ashushiwe dozi. Daktari akaona sura na karatasi haviendani, akamuuliza anameza nini kingine, ndipo vikatajwa. Ndani yake mna bayotini nyingi, aina ya vitamini B, na bayotini huvuruga baadhi ya mashine za kupimia homoni. Akaacha, akapimwa upya, TSH ikaonekana iko juu. Dozi ikapandishwa. Kama unavitumia, mwambie daktari, na uviache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, zaidi kama dozi yake ni kubwa.

Unga wa mwani unaouzwa kama tiba ya tezi nao uuogope. Una madini joto mengi, na yakizidi yanaweza kuivuruga tezi. Kabichi ya kupikwa kula, muhogo kula kwa kiasi; vitisho vya mitandaoni kuhusu vyakula hivyo ni vikubwa kuliko jambo lenyewe.

Kuhusu kuipata hiyo 75: kama famasi yako haina vya 25, uliza kama unaweza kutumia kimoja cha 50 na nusu ya kingine. Nusu haziwi sawa kamwe. Mimi hukata kwa kisu juu ya kisosi, moja inatoka nene na nyingine ina pembe iliyomeguka. Zamani ilinisumbua akili, mpaka nikaelezwa kwamba kwa dawa inayokaa mwilini muda mrefu hivi, leo ukipata nyembamba na kesho nene, inafidiana. Kinachofaa kuangaliwa ni kampuni. Ukipewa boksi la kampuni tofauti katikati ya hizi wiki, andika tarehe na umweleze daktari. Kidonge usikiweke juu ya friji wala jirani na jiko, joto na unyevu wa huku vinakiharibu; kiache kwenye karatasi yake hadi unapokimeza.

Siku ya kipimo nenda asubuhi kabla ya kumeza, maabara ileile ya mwanzo, kwa sababu viwango vya kawaida hutofautiana kidogo. Wengi hupimwa wakilenga TSH kati ya 0.4 na 4.0, ila wajawazito na waliotibiwa saratani ya tezi wana malengo yao.

Moyo kudunda. Unaweza kuwa dozi imekuzidi, unaweza kuwa upungufu wa damu, ambao nao watu wa tezi tunao sana. Kama ni ngazi tu na unatulia ukikaa, mpigie daktari wiki hii, usingoje wiki ya sita. Ukiona unadunda hata umelala, mikono inatetemeka, jasho jingi na usingizi umekata, nenda ukaonwe siku hiyohiyo. Kifua kikiuma, pumzi ikikata au ukizimia, hiyo ni dharura, tafuta bajaji uende hospitali. Ila usiikate dawa kimyakimya nyumbani.

Ramadhani ni nyepesi: wengi humeza mara tu wakiamka kwa daku, wakasubiri nusu saa ndipo wale, au usiku wa manane tumbo likishakuwa tupu. Chagua saa moja uishike mwezi mzima. Ukisahau siku moja, meza ukikumbuka kama ni siku ileile. Ikishapita endelea na cha kesho, viwili kwa pamoja usimeze mpaka daktari aseme.