Msomaji Auliza: Nani Aliyelitunga Dubwana la Kifuani?

SWALI: Mhariri, assalamu alaykum. Mjomba wangu husimulia sana filamu ya Alien ya mwaka 1979, hasa pale mabaharia wa chombo cha angani wanapokuwa mezani wanakula, mara kiumbe kikampasua mmoja wao kifua na kutoka. Yeye anashikilia kuwa yote hayo ni ya mwongozaji, Ridley Scott. Mimi nasema lazima yupo aliyeandika kwanza. Tuamulieni.
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam. Haki iko kwako, ingawa mjomba mwambie kwa adabu. Hadithi ile ilitungwa na Dan O'Bannon, Mmarekani aliyezaliwa St. Louis mwaka 1946, akisaidiana na rafiki yake Ronald Shusett.

Alipokuwa akisomea filamu Chuo Kikuu cha Southern California, yeye na John Carpenter walianza kutengeneza Dark Star, kichekesho cha angani kilichoonyeshwa mwaka 1974, ambamo kiumbe wa kigeni alikuwa mpira wa kuchezea ufukweni uliopachikwa makucha. Watazamaji hawakucheka kama alivyotarajia, naye akaona kwamba walioshindwa kucheka huenda wakapiga mayowe. Baadaye alikwenda Paris kushughulikia maajabu ya kamera katika filamu ya Dune ya Alejandro Jodorowsky. Mradi ukavunjika, akarejea Marekani hana senti, akawa analala kwenye kochi la Shusett. Hapo ndipo Alien ilipoandikwa. Michoro ya Mswisi H. R. Giger, aliyemjua kule Paris, ni yeye aliyempelekea Scott.

Watayarishaji Walter Hill na David Giler waliiandika upya skripti, na yule mtumishi anayegundulika kuwa roboti ni wao waliomwongeza, tena kwa ufundi mkubwa kwa maoni yetu. Hata hivyo, chama cha waandishi kilipoamua mzozo wa majina, uandishi wa skripti alipewa O'Bannon peke yake.

Kuhusu kifua kupasuka, wengi wamelihusisha tukio hilo na maradhi ya Crohn, yanayoshambulia utumbo, ambayo yalimtesa kwa miaka mingi. Mwaka 1985 aliandika na kuongoza The Return of the Living Dead, iliyoeneza wafu wanaolilia ubongo wa watu, na jina lake limo pia katika Total Recall ya mwaka 1990. Maradhi yaleyale ndiyo yaliyomuua Los Angeles, Desemba 2009, akiwa na umri wa miaka 63.