Tabaka la vijiwe vyepesi ukingoni mwa barabara: mto au volkano?

Swali: Nimetuma picha mbili za ukingo uliochongwa kando ya barabara, karibu na Tukuyu. Katikati ya udongo kuna tabaka la vijiwe vya kijivu-manjano, vyepesi, vyenye vitundu. Fundi anasema mto ulipita hapo zamani. Ni kweli?

Jibu: Naegemea volkano, ila si kwa sababu ya vitundu. Vijiwe hivyo ni pumisi, yaani povu la zaha (mwamba ulioyeyuka) lililoganda, na Mlima Rungwe, volkano iliyo jirani na Tukuyu, ulimwaga pumisi nyingi ulipolipuka takriban miaka 4,000 iliyopita. Lakini mvua huweza kuizoa na mto ukailaza upya kwingine, kwa hiyo fundi hajasema upuuzi. La kutazama ni imelalaje.

Kwenye picha ya kwanza, fuata mpaka wa chini wa tabaka. Unapanda kituta, unashuka upande wa pili, na unene ni uleule. Kilichoanguka kutoka angani hufunika mwinuko na bonde sawasawa, kama shuka lililotupwa juu ya viti. Maji hujaza bondeni, hukonda pembeni hadi kuisha, na mara nyingi huchimba udongo wa chini. Hapo kwako udongo mweusi wa chini haujaguswa.

Picha ya karibu inakubaliana na hilo: vijiwe vina kona kali, vinakaribiana ukubwa, na mianya kati yao haina mchanga. Mto ungevilainisha kona na kuvichanganya na kokoto nyeusi za basalti, mwamba mzito wa volkano.

Ile mistari ya mshazari upande wa kulia isikudanganye. Imeachana sawasawa na inapita kwenye udongo na pumisi bila kujali mpaka. Hayo ni meno ya katapila.

Kinachokosekana ni kipimo. Tabaka laweza kuwa la sentimita 30 au mita 2. Ukirudi, kwangua kwa panga upana wa nusu mita mpaka uso mpya uonekane, egemeza rula, simama mbele yake moja kwa moja, upige picha moja ya mbali na moja ya karibu ya mahali palepale. Kukiwa na mawingu ni bora, vivuli vya jua kali huficha mipaka.

Ukitaka kujaribu kama vinaelea majini, kama pumisi ifanyavyo, vianike juani siku mbili kwanza. Pumisi iliyolowa huweza kuzama, na hapo ndipo wengi huikataa bure. Na usichimbe kwa chini: pumisi haishikani, udongo wa juu utakuporomokea.