Lafudhi yangu waisikia wenzangu

Wiki hii mmeuliza kama tunaionea fahari lafudhi ya kwetu. Mimi mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, naionea. Linalonikera ni kwamba hiyo lafudhi ninayosifiwa sijawahi kuisikia.

Siku moja niliingia duka la vitenge Kariakoo. Nikauliza, "Kaka, hiki wauzaje?" Kijana aliyekuwa akikunja vitambaa akaacha kukunja. "Dada wa Tanga huyo!" Akamwita mwenzake aliyekuwa stoo aje anisikie. "Hebu sema tena, dada." Nikasema tena. Wakacheka, wala si kwa ubaya. "Nyie mnaongea kama mnabembeleza." Na mama yangu alikuwa nje juani, tumetoka naye hospitali, miguu imemvimba. Masikioni mwangu sauti ile ilikuwa kavu, ya mtu aliyechoka na mwenye haraka. Wao wakasikia mahaba. Nikakunja uso, wakazidi kufurahi. Wakanipunguzia bei bila kuwaomba, nikaondoka na kitenge changu na hasira zangu.

Halafu Tanga ipi hiyo? Mama ni Mbondei wa Muheza, baba ni Mdigo, jirani yetu ni Msambaa wa Lushoto. Sisi kila mmoja twamjua kwa matamshi yake. Tukifika Dar es Salaam, wote ni "wa Tanga".

Wapo wanaosema jirekodi ujisikie. Nimefanya. Sauti yako mwenyewe hukufikia kwa hewa na kwa mifupa ya kichwa pia, ndiyo maana kwenye simu huwa nyembamba, kama ya mtu mwingine. Nilipousikiliza ujumbe niliomtumia wifi yangu, sauti ilinishtua. Lafudhi sikuisikia hata chembe.

Nilitaka kumalizia kwa kuwaambia watu waache hii "sema tena" yao. Lakini binti yangu anasoma Dodoma, na juzi alipopiga simu akaniuliza, "Mama, unaenda wapi?" Huyu aliyekuwa akisema "waenda wapi" tangu ameanza kuongea! Hata mwisho wa sentensi haukuvutika kama wa kwetu. Nikamwambia aseme tena. Akasema, nikamwomba na mara nyingine.

Basi na waombe, mradi wawe na adabu. Ila mtu akiuliza bei, ajibiwe bei kwanza. Na wasiupime moyo wangu kwa mvuto wa maneno yangu. Wakitaka kujua kama nabembeleza au nimechoka, waniulize.