Pembe Kumi au Tende Kuni? Midomo ya Viumbe wa Kubuni na Lugha ya Pamoja

Katika hadithi nyingi za kubuni, joka, zimwi na mtu-ndege hukutana sokoni na kupatana bei kwa Kiswahili kilekile. Tofauti pekee ni nyoka, ambaye huvuta "sss". Hata hiyo si sahihi. Ili upate s, ulimi lazima ufanye kijifereji karibu na ufizi, hewa ipenye hapo na kuyagonga meno. Ulimi wa nyoka ni uzi wenye panda, kazi hiyo haiwezi, na tundu lake la pumzi liko mbele, kwenye sakafu ya mdomo. Nyoka wako ataipata h ya "heri" mapema kuliko s ya "salama".

Kabla ya kuandika mazungumzo, chora kichwa cha kiumbe kwa ubavu, kama kimepasuliwa katikati. Jiulize: midomo inafungana? Ulimi unafika kwenye ufizi? Njia ya puani inafunguka na kuziba? Koo lina urefu gani? Kisha shika orodha ya konsonanti za lugha ya pamoja ya viumbe wako, hapa Kiswahili, na ufute zisizowezekana.

Tuchukue joka mwenye ulimi mzuri lakini taya kavu, lisilo na midomo. Zinaondoka p, b, m, f, v na w. Wachezesha vikaragosi, wale wanaosema bila kutikisa midomo, wana mbadala: p huwa t, b huwa d, m huwa n, f huwa th, v huwa dh. Mpe joka mbadala hizo, naye w aiache kabisa. Sasa mwagize sokoni. Anataka kusema "lete pembe kumi". Kinachosikika ni "lete tende kuni". Baba yake amekuwa dada, na akijitaja "mimi" inatoka "nini".

Maneno kugongana si tatizo kubwa, muktadha huokoa. Balaa liko kwenye viambishi, kwa sababu Kiswahili kimeipa midomo kazi nzito. "Wanakuja" ikikosa w inabaki "anakuja": jeshi zima limekuwa mtu mmoja. "Mnaondoka" inakuwa "nnaondoka", ambayo kwa wasemaji wengi ndiyo "ninaondoka". Hapa ndipo lahaja ya kweli huzaliwa. Joka ataegemea maneno yasiyohitaji midomo: "hao anakuja", "ninyi nnaondoka". Kumi ataiita "tano na tano". Pembe itakuwa "tende zisizolika". Ukiandika hivyo, msomaji anauona mdomo bila kuelezwa.

Mbinu hii ya kurefusha neno ili lieleweke si ya kubuni. Ngoma za Walokele, karibu na Kisangani nchini Kongo, hubeba toni mbili tu za lugha yao, ya juu na ya chini, na maneno mengi hufanana toni. Kwa hiyo mpigaji hasemi "mwezi" peke yake. Hupiga kifungu kizima, kama vile mwezi unaoitazama dunia. (Usijaribu hilo kwa Kiswahili, hakina toni za kubebwa na ngoma.)

Mtu-ndege ni habari nyingine. Kasuku hana midomo na "mama" anaisema, kwani sikio hupokea sauti tu, halijali imetengenezwa wapi. Kiungo chake cha sauti kiko chini, pale bomba la hewa linapogawanyika kuelekea mapafuni, na ulimi wake mnene husaidia kuichonga sauti. Ukimpa mtu-ndege kiungo hicho, usimfutie m. Vilevile kiumbe anaweza kuazima kiungo kingine: Koshik, tembo wa Korea Kusini, huingiza mkonga mdomoni ili aige maneno ya Kikorea, na watafiti walichapisha habari zake 2012.

Kuhusu ukubwa, hesabu ni nyepesi. Koo la mwanamume, kutoka nyuzi za sauti hadi midomoni, lina takriban sentimita 17, na mvumo wake wa kwanza, yaani wa chini kabisa, ni kama Hz 500 (mitetemo 500 kwa sekunde). Jitu lenye koo la sentimita 68 litashuka hadi 125. Irabu bado zitatambulika, maana sikio hurekebisha kama linavyofanya baina ya mtoto na mtu mzima. Kinachokwama ni kasi: ulimi mzito hauwezi silabi tano kwa sekunde. Punguza maneno ya jitu. Usiyaongezee kelele.

Kama lugha ya pamoja unaiunda mwenyewe, ipime kwa mdomo mbovu kuliko yote sokoni. Irabu a, i na u zinatosha. Midomo kufungana si lazima: maneno ya asili ya Kimohawk, lugha ya Marekani Kaskazini, hayana p, b wala m.

Jaribio la mwisho linahitaji kalamu na simu. Ibane kalamu kwa meno ya mbele, midomo isigusane, ujirekodi ukisoma mazungumzo ya joka. Mpe mtu asiyeijua hadithi ayaandike anavyoyasikia. Palipokosewa neno tu, paache, ndiyo lafudhi. Bara wengi husema "zahabu" na dhahabu inauzwa. Alipokosea nani kamfanya nini nani, hapo pandikiza "hao" au "ninyi", urekodi tena.