Mwakilishi wadi mpya, hesabu kabla hujasimama kusema

Kila muhula wa mabunge ya kaunti nchini Kenya unapoanza, makosa ni yale yale, na inauma kuyaona yakirudiwa na watu wenye nia njema. Mgeni anaapishwa, anapigwa picha na ukoo mzima, na kabla wiki mbili hazijaisha ameshawaahidi watu wake kisima kabla ya Krismasi. Krismasi inafika na kisima hakipo. Watu wanamwita mwongo, naye si mwongo. Hakujua kalenda tu. Haya yaliyo hapa chini ni kwa ajili yako wewe uliyeingia juzi, na kwa mwenzako anayejipanga kwa Agosti 2027.

1. Soma tarehe kabla ya kusoma hotuba.

Mwaka wa fedha wa kaunti unaanza Julai 1. Uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti. Ziweke tarehe hizo mbili pamoja uone: bajeti unayoikuta ilipitishwa na waliokutangulia. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao ndio msingi wa bajeti inayofuata, unatakiwa kufika bungeni kufikia Septemba 1, pengine hata kabla hujaapishwa. Kwa hiyo kisima cha Krismasi ni ahadi ya pesa ambazo hakuna aliyezitenga.

Mlango wako halisi katika mwaka wa kwanza ni CIDP, ule mpango wa miaka mitano, kwa sababu mpya huandaliwa muhula unapoanza. Sheria ya Serikali za Kaunti inakataza pesa za umma kutengewa jambo lililo nje ya mipango. Mradi wako usipoandikwa humo kwa jina, pamoja na mahali utakapojengwa, utahangaika nao miaka mitano. Baada ya hapo fuata mzunguko: Waraka wa Mkakati wa Fedha unakuja kufikia Februari 28 na bunge lina siku 14 kuupitisha, makadirio yanaletwa kufikia Aprili 30, na Juni 30 mambo yamekwisha. Wageni wengi hungoja Juni ndipo wapige kelele. Kufikia hapo dari za idara, yaani kiwango cha juu cha pesa ambacho kila idara inaweza kupewa, zimeshawekwa, na kanuni za fedha za 2015 zinalibana bunge: unachoongeza au kupunguza katika fungu kisizidi asilimia 1 ya dari yake. Idara ya maji ikiwa na dari ya shilingi milioni 400, kinachoweza kusogezwa ni milioni 4, na zinagombaniwa na wadi zote. Nguvu zako zitumie Februari, ndani ya Kamati ya Bajeti, wakati dari bado ni laini.

2. Thuluthi mbili haipunguzwi hata kwa nukta.

Hili ndilo kosa linaloumiza kuliko yote, na linastahili kuelezwa polepole. Hoja ya kumbandua gavana ni silaha kubwa kuliko zote mlizopewa. Inahitaji kuungwa mkono na angalau thuluthi moja ya wajumbe ndipo ilani imfikie Spika, kisha ipitishwe na thuluthi mbili ya wajumbe wote. Nasisitiza neno wote. Si waliohudhuria, si waliopiga kura, wala si wale wa wadi peke yao. Walioteuliwa wanahesabiwa. Aliyelazwa hospitalini anahesabiwa. Aliyezima simu tangu jana usiku anahesabiwa pia.

Oktoba 2024 bunge la Kaunti ya Kericho lilimbandua gavana wake, Erick Mutai. Bunge hilo lina wajumbe 47, na waliounga mkono walikuwa 31. Thuluthi mbili ya 47 ni 31.33. Waliotetea hoja walisema desimali hiyo ishushwe, 31 watoshe. Lakini 31 kwa 47 ni asilimia 65.96, na thuluthi mbili ni 66.67. Hakuna thuluthi ya mtu inayoweza kudondoshwa hapo: au umefika kiwango, au hujafika. Kesi ilipofika Seneti, mawakili wa gavana walianza na pingamizi la hesabu, na maseneta wakalikubali. Tuhuma zenyewe hazikusikizwa hata moja. Wiki za kukusanya stakabadhi, mashahidi waliojitoa mhanga, wananchi waliotoa maoni, yote yalikwama kwa kura moja.

Fikiria uchungu wa hapo kwa pande zote mbili. Kama gavana ana makosa, wananchi hawakupata jibu. Kama hana, hakupata nafasi ya kusafishwa. Ndiyo maana mgeni anayeniambia "tuko karibu thuluthi mbili" ananifanya nikunje uso. Zidisha viti vyote kwa mbili, gawanya kwa tatu, na ikitokea desimali yoyote panda hadi namba nzima inayofuata. Viti 47 vinadai kura 32. Viti 50 vinadai 34. Viti 61 vinadai 41, na 62 vinadai 42. Kisha tafuta kura nne au tano juu ya hapo, kwa sababu usiku wa kuamkia kura ndio usiku ambao watu huugua ghafla.

Hesabu ikitimia, kazi bado. Spika wenu ana siku mbili kumjulisha Spika wa Seneti, na Seneti ina siku saba kukutana. Ikiunda kamati maalum ya maseneta 11, kamati hiyo ina siku 10 kuchunguza na kuripoti. Katika mbio hizo hakuna muda wa kutafuta risiti iliyosahaulika. Kila tuhuma iwe na ushahidi wake na hati ya kiapo yake kabla hoja haijawasilishwa.

3. Ushirikishwaji wa umma ni ushahidi, si sherehe.

Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tunza tangazo pamoja na tarehe yake, orodha ya waliohudhuria, na maelezo ya maoni gani yalikubaliwa, yapi yalikataliwa, na kwa nini.

4. Usiwe mkandarasi.

Ukishaanza kuchagua nani apewe kazi ya barabara, umejifunga mdomo. Huwezi kukagua ulichokijenga. Kaa upande wa kuuliza. Omba mkataba, BQ (orodha ya vifaa, vipimo na gharama za kazi) na vyeti vya malipo kupitia kamati, kwa maandishi. Halafu nenda mwenyewe na futi ya kupimia. Kama BQ inasema moramu iliyoshindiliwa ya milimita 150, chimba vishimo vitatu, mwanzoni, katikati na mwishoni mwa barabara, ukipima hadi udongo wa asili. Mwanzoni hakuna atakayekudanganya, maana huko ndiko mgeni rasmi hushukia. Katikati ndiko moramu hupungua. Vipimo vitatu na picha zake vina uzito kamatini kuliko hotuba ya nusu saa.

5. Vikao vinane.

Ukikosa vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya Spika, na usiwe na maelezo ya kuridhisha, kiti kinaweza kuwa wazi. Ruhusa ya mdomo kwenye korido haihesabiki. Andika barua, pata nakala yenye muhuri wa ofisi ya karani, uitunze.

6. Mswada haumaliziki kwenye makofi.

Gavana ana siku 14 za kuidhinisha au kuurudisha na maelezo yake. Ukiidhinishwa, uchapishwe katika Gazeti Rasmi ndani ya siku saba. Mpigie karani simu siku ya saba, umuulize namba ya toleo.

7. Sema lugha unayoimudu.

Wageni wengi huandikiwa hotuba ya Kiingereza na kuisoma kwa jasho, huku hoja nzuri ikipotea katikati. Kiswahili ni lugha halali bungeni. Ila ukianza kuchangia kwa Kiswahili, malizia kwa Kiswahili, maana kanuni hazitaki mchanganyiko na Spika atakukatiza. Kesho yake pitia Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge, kuona kama wameandika ulichosema. Ukikuta kosa, lirekebishwe mapema, kwa sababu miaka mitatu baadaye wakili wa mtu atasoma ukurasa huo huo.